Leo Tunamzika Liévin Mwenyewe

Muheshimiwa Mwakilishi wa Komiseri wa Distrikti. Baba Padiri wa parokia yetu. Mashefu wa kartye, ninyi wakubwa wa mitaa yetu, na wazee wa koo. Daktari Michel na wenzako wa Tume huru ya Uchunguzi. Maître Solange, mtetezi wetu mahakamani. Ndugu zetu muliosafiri kutoka Djugu na kutoka Mahagi. Wamama wa soko. Wageni waalikwa wote. Na weye Mama yetu Adèle, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa kiti chako kiko mbele kuliko vyote: ninawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Scholastique, dada mkubwa wa Liévin, ambaye jeneza lake liko hapa mbele yenu. Wengi munanifahamu kwa meza yangu ya samaki wa chumvi pale soko kuu, na sauti yangu munaijua, kwa hiyo nimemwambia fundi wa mikrofoni asijisumbue sana. Baba Padiri ameniomba nitumie Kiswahili cha kanisani. Nitajitahidi, Baba, lakini nikiteleza nikaangukia kile cha sokoni, munisamehe, maana ndicho nilichoongea na huyu ndugu yangu maisha yake yote.

Nianze na neno lisilozoeleka msibani: nimefurahi. Wiki hii yote nimelala vizuri, na jeneza la ndugu yangu likiwa njiani. Je, ni dhambi? Baba Padiri ataniambia baadaye. Lakini ninyi muliokuwa Bunia wakati ule hamuhitaji kuelezwa. Ilikuwepo miaka ambayo mtu akipata maiti ya ndugu yake, jirani walikuja kumpongeza kwa sauti ya chini.

Liévin alikuwa enfirmie, muuguzi wa dispansari ndogo ya kartye yetu. Wakati wa vita alimtibu kila aliyeletwa, na mimi nilimgombeza kwa hilo, kwa sababu nilimwona akiwafunga bendeji watu ambao jana yake walikuwa wakitukimbiza. Akaniambia, akiniita Yaya kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa: "Yaya, weye unauliza muteja kabila yake mbele ya kumuuzia samaki?"

Mwaka 2002, alasiri moja, tulikuwa nyumbani kwa Mama tunachambua maharagwe, wakaingia wanaume wenye silaha. Hawakupiga mtu. Walisema kwa adabu kwamba kuna mgonjwa, ana hali mbaya, wanamwomba enfirmie. Mmoja wao nilimjua kwa uso na kwa jina, kwa kuwa alikuwa akinunua samaki kwangu. Liévin akachukua mfuko wake wa dawa. Mama akafanya alivyozoea kila mara mtoto wake alipotoka kwenda kazi ngumu: akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, baraka ya kwetu, akamwambia aende na arudi. Akaenda. Maharagwe yale hatukuyapika.

Tuliulizia kila kambi. Kila mlango ulitupa jibu lilelile, kwamba hawamjui, na kabla ya jibu lilikuja swali: weye ni wa upande gani? Hebu fikirini, waheshimiwa. Mtu anachukuliwa mchana, mbele ya mama yake, halafu hakuna aliyemchukua. Aliyekufa unamlilia, aliye hai unamngojea. Huyu utamfanyia nini? Bénédicte, mke wake, alikuwa mke au mjane? Watoto wakiulizwa shuleni habari za baba yao, waseme yuko, au waseme alikuwepo?

Ndipo wazee wa ukoo wakatuamulia. Kwetu, mtu akipotea moja kwa moja, hukatwa shina la mgomba lenye kimo chake, likavikwa nguo yake, likazikwa kwa heshima zote, na mtu akaliliwa. Sisi tulilivika koti ambalo Liévin alivaa siku ya kuoa. Na hapo kuna sharti moja. Udongo ukishafunika, hakuna mtu wa ukoo anayeruhusiwa kulitaja shina tena. Ukiulizwa ni nani amelala pale, unataja jina la mtu. Anayesema vinginevyo anamfukuza ndugu yake kaburini. Baba Padiri, ninajua siku ile hukuambiwa. Leo umeambiwa.

Vita ilipotulia, ikaja Tume. Sokoni tuliwaita watu wa ankete, yaani wa uchunguzi, na tuliwatazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu wageni wenye magari makubwa tulishawazoea. Lakini hawa hawakuwa na kabila hapa, wala hawakuwa na mkubwa wa kundi lolote wa kumwogopa au wa kumfurahisha. Walipita nyumba kwa nyumba, kwetu na kwa wale tuliopigana nao, na lile swali la upande hawakumuuliza mtu. Kwa hiyo nikawapa ushahidi wangu wote: alasiri ile, maharagwe, na jina la yule mteja wangu.

Wakaomba kuona kaburi, tukawapeleka. Daktari Michel, kiongozi wao, mtaalamu wa mifupa, akasimama mbele ya msalaba akauliza kwa Kiswahili alichojifunza: "Je, Liévin yuko humu?" Baba mdogo Floribert, yule pale anayejificha nyuma ya kofia yake, akajibu: "Ndiyo, iko humu." Daktari akaniangalia mimi, nikasema ndiyo. Bénédicte akasema ndiyo. Mama akasema ndiyo. Ukoo mzima tulijibu kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa ndivyo sharti linavyotaka.

Naona wengine mumeshaanza kucheka. Leo chekeni, tumeruhusu. Siku ile walipofukua, kwa burashi na kwa vijiko, wakatoa koti la ndoa na vifungo vyake, na udongo mweusi. Hapakuwa na mfupa hata mmoja.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Watu wakasema Liévin yuko Kampala, ameoa, amefungua duka la dawa. Mtetezi wa yule mteja niliyemtaja akaandika mahakamani kwamba kaburi ni la uongo, basi na ushahidi wa dada ni wa uongo. Na ushahidi ule haukuwa wa Liévin peke yake. Watu walewale walikuwa wamewabeba wengine wiki ileile, na katika mji mzima mimi ndiye niliyekubali kutaja jina. Nikianguka mimi, zinaanguka kesi za wote waliobebwa. Nilikonda. Wateja waliozoea kunitania wakaanza kunisalimia kwa adabu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaenda kwa Mama kumwomba ruhusa ya kuvunja sharti. Akaniambia: "Sema, mutoto wangu. Kama ni zambi, nitaibeba miye."

Daktari Michel, weye ulikuwa na kila sababu ya kunifukuza. Ungeweza kufunga faili ya Liévin, ukapanda ndege, na hakuna ambaye angekulaumu. Badala yake ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaomba nianze tena, safari hii kuanzia shambani: mgomba ulikatwa na nani, kimo kilipimwa na nani, koti lilitoka kwenye sanduku la nani. Ukawauliza wengine, mmoja mmoja. Ukaenda mpaka shambani kutazama kisiki, ambacho kilikuwa kimeshachipua upya na kukupita urefu. Halafu ukaandika kwenye ripoti yako kwamba familia haikudanganya, kwamba swali lako ndilo lililokuwa fupi mno. Waheshimiwa, ni mara ngapi katika nchi hii tumeona mwenye cheo akirudi nyuma na kuandika hivyo?

Wakati huo Tume ilikuwa imepata mifupa ndani ya shimo, nyuma ya depo ya zamani ya kahawa kwenye barabara ya kwenda Bambu. Ili kujua kama Liévin ni mmoja wao, walihitaji mate ya mama mzazi, kidogo tu, kwenye pamba, yapelekwe maabara Ulaya. Mama akakataa. Mate ya mama, alisema, hutolewa kwa baraka, hayafungiwi ndani ya kachupa. Tulimbembeleza mpaka tukachoka, na wengine kati yetu wakaanza kunong'ona kwamba anaogopa uchawi. Mama, nisahihishe kama ninakosea: hukuogopa uchawi. Uliogopa jibu. Mgomba ulikuwa umeulilia, lakini moyoni ulibaki na kipande kidogo cha kumngojea Liévin, na sisi tulikuja na pamba kukuchukulia kipande kile.

Daktari akarudi, akaketi chini kwenye mkeka, na pamba hakuitoa. Alimuuliza tu siku ile Liévin alivyoondoka. Mama akamsimulia yote, mpaka yale mate ya kwenye paji la uso. Halafu akasema: "Leta kichwa." Daktari akainama, na Mama akamtemea baraka katikati ya nywele. Akamwambia: "Nilimupatia Liévin njia ya kuenda. Weye ninakupatia njia ya kumurudisha." Ndipo akafungua kinywa. Nami nilimsindikiza Daktari mpaka kwenye gari, nikitaka kuona kama atajipangusa. Hakujipangusa.

Mwezi uliopita jibu likaja. Ni yeye. Mama aliposikia alisema, "Basi," akaingia chumbani akalala tangu mchana mpaka jioni. Hatukumwamsha.

Na Liévin hakuwa peke yake shimoni. Pembeni yake alikuwa Osée, mkulima wa Djugu, ambaye mama yake, Mama Véronique, ndiye huyu aliyekaa bega kwa bega na mama yetu. Mkono wa Osée ulikuwa umevunjika, na juu ya mfupa wake Tume ilikuta vipande viwili vya ubao, vimefungwa kwa bendeji vizuri, kwa fundo ambalo dispansari yetu nzima inalifahamu. Basi mgonjwa alikuwepo kweli. Ndugu yangu alimtibu, mtu wa upande ule, mahali palepale ambapo wote wawili walikuwa wanangoja kufa. Mama Véronique aliposikia habari hii alikuja Bunia kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akaingia kwa Mama bila kubisha hodi, na wakalia pamoja. Kabla ya hapo kijiji chao na ukoo wetu hatukuwa tunasalimiana.

Yule niliyemtaja yuko gerezani, anangoja hukumu. Maître Solange amenionya nisiongeze neno juu ya hilo, nami siongezi, ingawa ninalo. Lakini Muheshimiwa Mwakilishi, nakuomba mbele ya watu hawa wote. Tume inaondoka kesho kutwa. Mashimo mengine yapo, na humu ndani kuna wamama ambao bado wanachungulia njia. Muwalinde mashahidi. Muyalinde mashimo yale, watu wasije wakalima mihogo juu yake kabla hayajafunguliwa. Hatuombi kisasi. Tunaomba mtu aliyechukuliwa auliziwe kwa jina lake, na aliyemchukua ajibu kwa jina lake.

Baba Padiri, asante kwa ukumbi na kwa uvumilivu. Maître Solange, asante kwa kunizuia kusema pale niliposhindwa kujizuia. Wachunguzi wetu, hatuna zawadi inayotosha. Wamama wa soko wamewafungia samaki, na harufu yake mutaivumilia ndani ya ndege. Bénédicte, wifi yangu, leo weye ni mjane, na hakuna atakayekubishia tena. Lia unavyotaka.

Daktari Michel, nina ombi la mwisho. Asubuhi hii baba mdogo Floribert amelisafisha kaburi lilelile. Lile koti la ndoa, ambalo mulituletea likiwa limekunjwa vizuri, tumeliweka juu ya Liévin mwenyewe. Tukifika makaburini, jeneza likishashuka na udongo haujaanza kurudi, tunakuomba usimame mbele ya msalaba, palepale uliposimama mara ya kwanza, utuulize tena swali lako, kwa Kiswahili kilekile. Usilirefushe. Safari hii ufupi wake unatosha.

Mumenipa masikio yenu muda mrefu kuliko nilioahidi, na nawashukuru kwa kunibebea maneno haya. Sasa tunyanyukeni, twendeni. Mama ndiye atakayejibu wa kwanza.