Konyeza Wauma

"Konyeza amemuuma mwanangu?" mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi alimaka, simu sikioni.

Bwana wa pembeni yake akacheka. "Kwani kukonyezwa nako kunauma, mama?"

"Konyeza wa baharini, baba! Yule mnyama laini kama jeli, wa umbo la sanduku. Haonekani majini, na sumu yake husimamisha moyo."

Kicheko kikamkauka. "Basi wamsugue mchanga."

"Thubutu! Ukiisugua ile minyiri yake iliyonasa ngozini, inazidi kumwaga sumu. Ni siki tu!"

"Siki? Kwani mtoto ni saladi?"

"Anapumua, ila haongei," ilisema simu.

Basi likasimama kituo cha ufukweni. Bwana akashuka mbio pamoja na yule mama, bado akitetea mchanga wake, huku akimuuliza kila mpita njia duka lenye siki.