Mkanda wa Hugues Haukamati

Benchi letu liko mtaa wa Mangobo, hatua kumi kutoka gereji yangu, mbele ya birika la Papa Nassoro. Anauza kahawa ya tangawizi, na kikombe kimoja kinakupa haki ya kusema uongo mpaka saa sita. Wakaaji ni wale wale. Gédéon, mwendesha pikipiki, tunamwita Avocat, yaani wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Jephté, fundi wa redio, ni Bila Pile, maana husema kutwa nzima na betri haimwishii. Mimi ni Mumbere, fundi wa magari, nao wananiita Docteur. Siku ile jina hilo lilinichoma kila walipolitaja.

Avocat alikuwa ameokota kwenye meza yangu kile kisanduku cha chuma kinachomeza mkanda wa usalama wa gari. Akakisimamisha, mkanda ukatoka vizuri. Akakilaza, ukakamata.

— Muone! Ikisimama inaachilia, ikilala inakamata. Njo nini hii?

— Ni sumaku, Bila Pile akasema. Inavutwa na udongo.

— Udongo ya Mangobo iko na sumaku?

— Donc boussole, ile dira ya sindano, inaonyeshaka nini? Njia ya soko?

Papa Nassoro akamimina kahawa bila kutuangalia.

— Munaivuta na nguvu sana. Haraka haraka haina baraka. Mukanda yenyewe inajua.

— Papa Nassoro, hiyo maneno ni ya batu, haiko ya chuma!

— Na chuma nani aliumba?

Avocat akasimama kama yuko mbele ya jaji.

— Bon. Mi nasema iko na baruti. Motokari ya sasa, ukigonga, mukanda inalipuka na inakurudisha ku kiti.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Baruti ku kifua ya mutu! Si utalipuka na wewe, ndeko?

Maskini, Avocat alikuwa amesema kweli. Magari mapya yana kibaruti kidogo cha kuvuta mkanda, nami nilijua. Nilicheka na wengine, nikaangalia kikombe changu.

— Sikieni mi naeleza, Bila Pile akasema. Mukanda inasikilizaka roho. Ukiogopa, roho inapiga mbio, mukanda inakamata. Njo maana chauffeur mulevi anakufaka: haogope!

— Kidole moja haiue chawa, Avocat akasema kwa uchungu.

— Hiyo methali inaingia wapi?

— Nimeshaisema. Imeingia.

Kisha wakanigeukia wote.

— Docteur, we unanyamaza. Sema, wewe njo unajua.

— Kahawa iko moto, nikasema.

Haikuwa moto. Ndani ya kisanduku mna gololi ndogo ya chuma imekaa kwenye kikombe chake. Gari likisimama ghafla au likiinama, gololi inabingirika, inainua kijino, kijino kinashika gurudumu la meno na mkanda unagoma. Kuna na kijino kingine kinachokamata mkanda ukivutwa kwa nguvu. Basi. Maneno machache tu, nami sikuweza kuyatoa mbele ya rafiki zangu, kwa sababu ya nilichokifanya jana yake.

Gari la Hugues, mteja wangu, lina usukani wa kulia, kama mengi yanayotoka Uganda. Mkanda wake wa dereva uliliwa na panya. Nilitafuta wa upande ule nikakosa, maana huku kwetu usukani ni wa kushoto, nikamfungia mkanda wa kiti cha nyuma wa gari bovu. Kumbe kisanduku cha nyuma kimetengenezwa kukaa kwa mwinamo wake. Pale mbele gololi haikutulia, na mkanda ukagoma kutoka kabisa. Kutafuta mwingine kungekula siku tatu, na Hugues alikuwa na safari ya Banalia. Nikafungua kifuniko cha pembeni, nikatoa gololi na vijino vyote. Mkanda ukatoka laini. Hugues akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema hakuna fundi kama mimi. Niliona haya pale pale, na haya ile haikunifungua mdomo.

Kahawa ya pili ilikuwa haijafika nusu tulipomwona Kanyere, mke wa Hugues, anakuja kwa miguu.

— Jambo ba papa.

— Jambo, mama. Karibu, ikala.

Hakuketi.

— Papa Docteur, Hugues anaweka mafuta, tunaenda Banalia sasa hivi. Nataka kuuliza kitu moja kidogo.

— Uliza, mama.

— Mukanda ya kwangu, nikivuta na nguvu inakamata. Ya Hugues, navuta vile vile, inakuya tu. Juu ya nini?

— Mama, ni vile Hugues haogope, Bila Pile akasema.

— Ao baruti imeisha, akasema Avocat.

Kanyere hakucheka.

— Mi nauliza Docteur.

— Eleza mama, Docteur, Papa Nassoro akasema, na akaweka birika chini ili asikilize. Wote walinitazama kwa fahari, kama mtoto wao anayeingia mtihani. Ningependa wangenitukana.

— Haitakamata, mama. Kitu yenye kukamatisha, niliitoa.

— Uliitoa?

— Ile niliweka haikupatana na motokari. Niliona haya kumwambia Hugues nimeshindwa. Musiende. Ile haiko mukanda, ni kitambaa tu.

Avocat akakiweka kile kisanduku chini taratibu. Papa Nassoro alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Kanyere hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alichukua simu.

— Hugues, zima motokari. Kuya huku na miguu. Nitakueleza.

Akairudisha simu kwenye kitenge, akaniangalia bila hasira, kama anayeuliza njia.

— Na motokari zingine, papa, uliitoa ku ngapi?

Taksi ikapita barabarani. Dereva alikuwa mteja wangu tangu mwaka jana. Akapiga honi kunisalimu, mkanda umepita kifuani mwake, umefungwa vizuri. Nilijaribu kukumbuka kama ule nao niliutoa gololi, na sikukumbuka. Taksi ikakata kona na abiria wake. Kanyere alikuwa bado anangoja.