Mama Kangaga, Dobi Aliyeotesha Msitu Sebuleni

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi viatu na mkewe mshonaji. Alikuja kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mkunga alimwambia mama yake asijisumbue kutafuta jina. Mama yake akamjibu, "Wewe kata kitovu, mengine niachie mimi." Ukaidi huo marehemu aliurithi wote, akaishi nao miaka sabini na miwili.

Alianza shule mwaka 1959. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye bustani ya shule, ambako alitumwa kupalilia kama adhabu, naye akawa anachelewa makusudi ili aadhibiwe. Baba yake alipofariki mwaka 1966, masomo yaliishia hapo. Miaka miwili baadaye aliajiriwa kuwa dobi katika hoteli kubwa, kwenye chumba cha kufulia kilichokuwa chini ya ardhi, penye mvuke na pasi tangu asubuhi hadi jioni.

Huko ndiko alikokutana na fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba lililopasuka. Bomba lilizibwa siku moja. Fundi akarudi kulikagua mwezi mzima. Walifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1975, wakajaliwa watoto watatu. Walipanga vyumba viwili vya chini, nyuma ya jengo refu, ambamo jua lilikuwa likisikika tu kwa majirani. Alipanda waridi, likafa. Alipanda nyanya, zikafa. Jirani mmoja akamwambia, "Shoga yangu, humu utaotesha ukungu tu." Alicheka naye, kisha akaingia ndani akalia.

Mwaka 1983, akiwa na kapu la mashuka, aliona kangaga, ule mmea wa majani usiotoa maua, limetupwa kwenye pipa nyuma ya jiko la hoteli. Lilikuwa pambo la mapokezi. Upepo wa kiyoyozi ulikuwa umelikausha hadi majani yakawa kama karatasi iliyoungua. Alichokonoa mizizi kwa kidole, akaikuta bado ina unyevu. Akalifunga kwa aproni, akaenda nalo nyumbani. Alikata majani yote makavu, akalipanda kwenye sufuria iliyotoboka, katika udongo mwepesi wa majani yaliyooza, akaliweka bafuni na kulinyunyizia maji kila siku.

"Unaoga au unaogesha sufuria?" mumewe aliuliza mlangoni, taulo begani.

"Naogesha mgonjwa. Wewe subiri zamu yako."

Chipukizi la kwanza lilipotokeza, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, alipiga kelele mpaka majirani wakaja na fimbo wakidhani kaingia nyoka. Kumbe kangaga halitaki jua kali. Nyumba aliyoilaumu miaka yote ilikuwa ikisubiri mmea wake.

Kutoka mizizi ile aligawa vyungu viwili, vikawa kumi, kisha hakuna aliyehesabu tena. Baba wa nyumba aliunda rafu kwa mabomba chakavu. Siku moja akaona vumbi la kahawia chini ya majani, akachukua kitambaa akalifuta lote. "Mke wangu, nimekutolea kutu," alisema kwa fahari. Kumbe ndiyo mbegu mkewe aliyokuwa akiingojea mwaka mzima! Wiki nzima alipakuliwa chakula bila kusemeshwa.

Habari zilimfikia meneja wa hoteli, ambaye mimea yake ilikuwa ikiendelea kufa. Mwaka 1991 alikuja mwenyewe, akasimama sebuleni mdomo wazi.

"Hili kubwa umelitoa wapi?"

"Kwenye pipa lako, bosi."

Meneja alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mwezi uliofuata, marehemu alipanda ngazi kutoka chumba cha kufulia hadi ukumbi wa mapokezi, akiwa mtunza mimea wa hoteli nzima. Alistaafu kwa cheo hicho mwaka 2006.

Agosti 2016 alipatwa na kiharusi kilichomnyima mkono wa kulia na sauti. Wengi walianza kumzungumzia kana kwamba hayupo chumbani. Kisha asubuhi moja, mbele ya familia, akatamka, "Maji!" Binti yake mkubwa alikimbia na glasi. Mama akaisukuma, akanyoosha kidole rafuni. "Si mimi. Huyo!"

Nyumba ililia na kucheka kwa pamoja. Tangu hapo alijifunza kutumia mkono wa kushoto, na kwa mkono huo aliwafundisha akina mama wa mtaa mzima kuotesha makangaga, hata yule jirani wa ukungu.

Mei mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa, na jioni ya mwisho alimuuliza mumewe, "Nimeshinda, sivyo?"

"Umeshinda, tena kwa mbali."

Alituaga alfajiri ya tarehe 3 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na dada yake mkubwa. Wanafunzi wake wameomba kulipamba jeneza wenyewe, na mnaona walivyolifunika: makangaga matupu, hakuna ua hata moja, na hakuna mbao inayoonekana.

Mpigieni makofi, ndugu zangu, kabla hatujamshusha. Alale kwa amani, mshindi wetu.