Mzee Sindano na Albamu ya Mbio

Ijumaa hii, tarehe 30, Mzee Sindano anatimiza miaka thelathini na minne katika maktaba ya santuri ya redio yetu, na siku hiyohiyo anastaafu. Alianza kama mfuta vumbi, akapanda hadi mkuu wa maktaba. Jina la Sindano alilipata kwa sababu hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kugusa sindano ya mashine yake. Hata mkurugenzi aliishia mlangoni.

Albamu yake tunaijua sote. Ni ya vijana waliokuja baada ya panki, ule muziki wa rock wa fujo, wale waliochoka kupiga kelele wakaanza kuwaza: besi mbele, ngoma kavu, mwimbaji mwenye sauti nyembamba kama filimbi. Aliipiga kila Jumamosi, mbiombio, hadi wasikilizaji wakaomba huruma. Kwa albamu hiyo alimchumbia mkewe, tunayemwita Shangazi. Nami moyo wangu uliniponyoka mlangoni pa maktaba hiyo, wimbo wa tatu ukilia, nilipomwona fundi mitambo ambaye sasa ni mume wangu. Mnisamehe basi nikiandika huku natabasamu.

Redio ilipohamia kwenye kompyuta, santuri ile ililala kabatini miaka mingi. Mwezi huu mume wangu aliitoa ili airekodi upya. Chini ya taa akaona alama ya mwendo iliyokaribia kufutika. Kumbe albamu ni ya taratibu! Miaka yote tuliizungusha kwa kasi ya santuri ndogo, zile zinazozunguka haraka zaidi.

Mzee aliketi akaisikiliza kwa mwendo wake halisi. Filimbi ikawa sauti nzito ya mtu mzima, na wimbo tuliodhani ni wa ugomvi ukawa wa mtu anayemsihi mwenzake asiondoke. Mzee akavua miwani. Akauliza, polepole, iwapo kitu alichokipenda ujana wote kilikuwa kosa tu. Maktaba ile haiishiwi utani, lakini swali hilo hakuna aliyelicheka.

Shangazi, aliyekuwa amemletea chakula, alisubiri wimbo uishe.

“Baba watoto, mimi nilikubali ule wa mbio. Huu wa taratibu tuliwekewa akiba.”

Mzee alicheka hadi machozi. Kisha akamwambia mume wangu aiguse sindano yeye, airudishe mwanzo.

Asante, Mzee wetu. Siku zako zizunguke taratibu, Shangazi akiwa kando yako. Sisi wawili bado tuko kwenye ule wa mbio, ila wa akiba tumeshausikia, na hatuuogopi.