Mama Aliyenyonyesha Mutoto Wangu Inje ya Lupango

Ndugu zangu, wamama na wapapa, munivumilie. Nikianza kulia, muningojee.

Sisi ni watu wa Karuba. Vita ilitufukuza, tukafika kambini karibu na Mweso: miye, binti yangu, na mutoto wa kunyonya. Bwana yangu alipotea mu njia. Mpaka leo hakuna habari.

Binti akapata homa, kisha mapele ya maji, uso muzima. Munganga akaniambia:

"Mama, hii njo mpox. Utaingia naye mu lupango ya wagonjwa, kule kwenye kuzungushwa wavu. Mudogo hana pele, abakie inje. Usimunyonyeshe tena."

Nani atamushika? Majirani walirudi nyuma. Hata wale tuliosali nao. Munganga njo alimulaza inje karibu na wavu, akawa anamupatia maziwa ya unga.

Mule ndani mapele ikanitoka miye pia. Binti yangu koo ilifunga, maji haikupita. Asubui moja akaniambia, "Mama, unifukuzie nzi." Nikapepea. Ndugu zangu, nawaambia, nilipepea hata kisha roho yake kutoka. Sikujua. Munganga njo alinishika mukono.

Walimuzika wakivaa manguo nyeupe, wakipuliza dawa. Miye nilikatazwa kutoka. Na kule inje mudogo alikuwa analia, sauti ikipunguka. Nikamuambia Mungu: maliza huyu pia, kisha unichukue.

Akakuja mama mumoja wa kambi, mutoto wake mugongoni. Ni wa kabila lile tuliambiana kwamba ni adui. Hata tukichota maji kwa robinet hatukusalimiana. Akauliza munganga:

"Huyu anakunywa nini?"

"Maziwa ya unga imeisha."

Akaketi chini, akafungua kifua.

"Mama, unaweza kuambukizwa."

"Nimesikia. Umulete."

Kisha akaniangalia kupitia wavu: "Dada, ukule. Huyu atakutafuta."

Siku ile nilikula.

Mwili ulipona, alama munaziona. Juu ya binti yangu sijapona, na sitadanganya mbele yenu. Vita ilitufukuza tena mu ile kambi; sasa bunduki iko upande wa kaburi yake, siwezi hata kupalilia.

Namushukuru munganga ule. Na yule mama iko hapa katikati yetu. Amekataa nitaje jina. Ninyi, mukiona muntu amefungiwa sababu ya ugonjwa, ulizeni ameacha nani nyumbani, muende kule.

Mudogo anatembea sasa. Anatuita sisi wawili Mama. Akiita, tunaitika wote.