Nilishuhudia Kabla ya Kipimo cha Pili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni sasa hivi, kwa sababu nikishaanza kusema huenda wengine mkanyamaza. Mnanijua, mimi ni Mama Neema, fundi cherehani wa Jeppestown, mzaliwa wa Uvira. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema Mungu ameniponya saratani. Leo nimesimama kusema kwamba siku ile niliwadanganya. Na nina hasira. Nina hasira na nafsi yangu, na ninyi pia nina hasira nanyi.

Tumbo lilinisumbua karibu mwaka mzima. Nikila matonge mawili ya bugali nimeshiba, na nguo nilizojishonea mwenyewe zikawa zinanipwaya. Wengine mkasema ni vidonda vya tumbo, wengine mkasema kuna mtu kule nyumbani ameniloga. Nikafunga, nikaomba, nikazidi kukonda. Eish! Mwishowe nikaenda hospitali. Wakaniingiza kamera kooni, wakakata vipande vidogo vya nyama ya tumbo, wakakuta limfoma. Ni saratani, ndugu zangu, na kwangu mimi ilianzishwa na bakteria wanaokaa tumboni.

Daktari, mama mmoja mpole, akasema lazima ajue imezama kiasi gani. Akanilaza tena, akapitisha mpira mwembamba wenye ultrasaundi ndogo kwenye ncha, ili apime ukuta wa tumbo kutoka ndani. Aliponionyesha picha nilielewa haraka kuliko alivyotarajia. Tumbo lina matabaka, kama koti: bitana, kanvasi, kisha kitambaa cha juu. Ugonjwa wangu ulikuwa bado kwenye bitana, tabaka la ndani kabisa. Akanipa antibiotiki za wiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, akanisisitizia jambo moja.

"Mama, maumivu yataisha mapema. Usiyaamini. Rudi baada ya miezi mitatu nipime tena."

Yakaisha kweli. Na ninyi mnajua desturi yetu: mtu akipata nafuu Alhamisi, Jumapili yuko mbele ameshika kipaza sauti. Tunaita kushuhudia kwa imani. Nilitamka, "Nimepona kabisa!" na hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hivyo. Mkapiga ngoma, mkaninyanyua juu juu, nami nikaona raha.

Tarehe ya kurudi ikafika. Mama Riziki, kiongozi wetu wa maombezi, akaja nyumbani kwangu, mtaa wa Bertrams, akanikuta najiandaa kwenda hospitali. Akaniambia, "Umeshashuhudia, mama. Ukirudi kupimwa unamwita Mungu mwongo." Hivi nani alimwambia kwamba Mungu anaogopa kipimo? Lakini siku ile sikuuliza. Niliogopa aibu. Hospitali wakapiga simu, sikupokea. Wakapiga tena, nikazima. Miezi minane, ndugu zangu, nilijifanya mzima mbele yenu, huku natapika chakula na kuwaficha hata watoto wangu!

Siku niliyotapika damu juu ya gauni la mteja sikungoja mtu aniruhusu. Nilirudi. Daktari hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alipitisha tena mpira wake, na baadaye nilipozinduka akanieleza kwamba ugonjwa umepenya bitana ukazama hadi kanvasi, na tezi moja ya jirani imevimba. Unatibika bado, akasema, ila vidonge peke yake havitoshi tena. Sasa ni mionzi.

Wiki nne nilikwenda kupigwa mionzi, kila siku ya kazi. Nililala chini ya mashine ile nikimwomba Mungu kwa hasira, simung'unyi maneno. Nilimwambia, Bwana, ulinijibu mapema kwa mkono wa yule daktari, nami nikakufungia mlango kwa sababu ya makofi ya watu. Nisamehe, unipe nafasi moja tu. Na alinipa! Walisubiri miezi kadhaa, wakanipima tena kwa ultrasaundi ile ya ndani, na juzi nimepata majibu. Ukuta wa tumbo umerudi kuwa mwembamba, tezi imesinyaa, na vipande walivyokata havina saratani. Nililia mbele ya daktari kama mtoto. Asante Yesu! Nakushukuru kwa uhai wangu, na nakushukuru kwa mpira ule.

Mama Riziki ameniomba leo nifupishe, niruke habari za hospitali, eti zinapunguza utukufu. Siruki. Baada ya uongo wangu, wengine watatu walisimama hapa wakasema maneno yale yale niliyosema mimi. Mmoja wao alinifuata jana na barua ya hospitali, anatakiwa kupimwa kesho. Akasema hawezi kwenda, maana ameshashuhudia, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba anayeshuhudia harudi. Mimi! Sikulala, ndugu zangu.

Dada, nakuona ulipokaa na sitakutaja. Mtumaini Bwana, mtumaini kwa moyo wote, hawezi kuaibishwa na picha ya tumbo lako. Kesho asubuhi na mapema nitakuwa mlangoni kwako twende wote. Usile kitu, usinywe hata chai. Na ukikataa kunifungulia, hapo ndipo nitakapolitaja jina lako, kwa sauti, mpaka majirani wote watoke nje.