Mwalimu wa Kugawa Kazi

Mwaka wa hamsini na mbili, ndani ya lori litokalo Tunduma, nilikuwa nimekalia gunia la chumvi. Hezron, aliyekuwa akirudi kwao Vwawa kutoka migodi ya shaba Rhodesia, alimfundisha mama aliyeketi kando yake namna ya kuishi. Hakuombwa.

"Miaka sita sijamwona mama yangu kule Isongole," alisema yule mama. "Kahawa nimwachie nani?"

"Kazi hugawiwa, mama. Mimi nilimwachia mdogo wangu ng'ombe, shamba, na Nesta wangu akiwa bado anatambaa. Nikashika mgodi tu."

"Nesta hajambo?"

"Siku hizi anaandika." Akakunjua barua, akaitazama kitambo. "Ananiita baba mkubwa."

Lori likasimama Vwawa. Hezron alikuwa wa kwanza kuinuka, wa mwisho kushuka.